Sekunde Kumi na Saba za Msiba

Wiliam wa bodaboda alizima pikipiki barabarani akaisukuma kwa mkono mpaka uani kwangu, maana alijua bado niko msibani na hakutaka kunipigia kelele. Ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu tumzike mume wangu, Benedikto. Nilikuwa nimekaa mkekani napepeta mchele. Wiliam ni mtu mzima mwenye watoto wanne, si mtu wa maneno mengi. Alinisalimia, akachuchumaa, akatoa simu mfukoni.

"Bibi, samahani kukusumbua. Huyu si yule mtani wenu wa Kasansa?"

Nikaangalia. Alikuwa Mama Nkwabi, amevaa koti la Benedikto na kofia yake, ameshika fimbo yake, amesimama mbele ya jeneza hapa hapa kijijini kwangu Mamba. Anajipiga kifua, anacheka, anasema: "Nimemla mimi! Mnahangaika kumtafuta mchawi wa nini? Nimeanzia maini! Miguu nimewaachia nyie, ilikuwa migumu!"

Basi. Sekunde kumi na saba tu, halafu inaanza upya. Mtu alikuwa ameweka muziki wa kutisha, na juu ameandika kwa herufi nyekundu: MCHAWI AKIRI MSIBANI KATAVI.

"Imetazamwa na watu laki nne," Wiliam akasema. "Hao wa mbali wala hawanitishi. Shida iko Kasansa. Jumapili amefariki mtoto wa jirani yake. Sasa vijana wanarushiana hii kitu simu kwa simu. Asubuhi nimepakia mmoja, anasema leo saa nane wanakwenda kumtoa ndani."

"Kumtoa wampeleke wapi?"

Wiliam hakuinua uso. Aliangalia mchele wangu kwenye ungo.

Kwa mtu wa kwetu nisingehitaji kueleza. Baba mkwe wangu na baba mkwe wa Mama Nkwabi walianza kutaniana tangu Wasukuma wa ukoo wake walipofika kwetu na ng'ombe wao, na utani ukarithiwa mpaka kwetu. Kazi ya mtani msibani ni kuwafanya wafiwa wacheke wasije wakaharibika kwa kulia. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anazuia jeneza lisitoke ndani, anajisifu kwamba ndiye aliyemuua. Kila mtu uani anajua kwamba yule anayejisifu ndiye mwenye uchungu. Mama Nkwabi alikuwa na miaka sabini na kitu. Siku ile alipomaliza vituko vyake alivua koti, akalikunja vizuri, akanirudishia, kisha akaenda kisimani. Siku tatu alichota maji na kuosha masufuria, na alikuwa wa mwisho kula. Hayo kwenye simu ya Wiliam hayakuwemo.

Nikageuka. Mjukuu wangu Mercy alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Ni mimi, bibi," akasema. "Nilirekodi mimi. Niliposti ili watu wacheke. Watu wangu wote wanajua utani, waliandika tu wamecheka. Halafu mtu nisiyemjua akaichukua, akaweka muziki na hayo maandishi."

"Hiyo iliyobaki iko wapi? Ile aliyokaa jikoni na masufuria, ile aliyolia makaburini?"

"Nilikata. Zikizidi dakika moja watu hawaangalii, bibi. Nyingine nilifuta, simu ilijaa."

Sikumkaripia. Mercy ametimiza miaka kumi na tisa, na video zake hizo ndizo zilizonichekesha mimi mwenyewe jioni nyingi Benedikto alipokuwa kitandani. Lakini nilikumbuka mambo ya zamani bila kutaka. Mama yangu alipofariki, tulimwita mpiga picha kutoka Mpanda, akatuletea CD, tukakaa ukoo mzima kuitazama kwa jirani mwenye deki. Ilikuwa ya saa tatu. Tulimwona aliyepasua kuni, tukamwona aliyebeba viti, mpaka mbwa aliyelala chini ya meza ya padri. Hakuna aliyekata kitu. Hata banda la video pale senta, mlikuwa mnaingia watu sitini, mnakaa mabenchi, na kikija cha kutisha unamgeukia mwenzako kuona kama na yeye ameogopa. Sasa kila mtu anaangalia peke yake kwenye kiganja, na hana wa kumuuliza.

Nikampigia Mama Nkwabi. Simu haipatikani. Mwanawe Nkwabi yuko Tabora na mifugo. Nikampigia mtendaji wa kijiji chao, akasema yuko kikaoni wilayani, atawaomba polisi waende, ila kwa barabara ile watachelewa.

Ilikuwa saa sita na nusu.

Shemeji yangu aliniona navaa kandambili. "Shemeji, mjane hatoki kabla ya arobaini. Nitawaambia nini wazee?"

"Waambie nimemfuata mtani."

Halafu akaingia ndani, akatoka na jaketi lake, akanivalisha mwenyewe na kufunga zipu mpaka shingoni kama mtoto. "Vumbi hilo," akasema.

Tukapanda mshikaki, mimi katikati na Mercy nyuma yangu amenikumbatia. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, mashamba yote makavu, upepo unatupiga. Wiliam alikuwa akipunguza mwendo kila penye korongo kwa ajili ya mgongo wangu, nami nilikuwa namwambia asipunguze. Njia nzima nilikuwa nahesabu dakika. Nilimfikiria Mama Nkwabi na macho yake. Macho yake ni mekundu, ni moshi wa jikoni wa miaka yote hiyo, na kwa watu fulani macho hayo peke yake yanatosha kumwita mtu mchawi.

Tulipofika tuliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa kama watu mia, wamejaa uani na kwenye ua wa katani. Wengi vijana, lakini akina mama walikuwepo pia, na wazee wachache. Nyumba imefungwa. Mbele kabisa ya mlango alikuwepo mwanaume mwembamba wa miaka thelathini hivi, macho yamevimba, hana kitu mkononi. Wiliam akaninong'oneza, "Huyo ndiye Deogratias. Baba wa mtoto." Waliokuwa nyuma yake ndio waliokuwa na vitu mikononi.

Mama mmoja aliponiona na nguo zangu nyeusi alisogea, akawavuta wenzake, akanifungulia njia. Simjui mpaka leo.

"Nani huyu bibi?" kijana mmoja akauliza.

"Mimi ndiye mjane," nikasema. "Yule aliye kwenye jeneza mnayemwona kwenye simu ni mume wangu."

Kelele zikapungua. Nikaona simu zinainuliwa, moja, tatu, kumi. Nilianza kueleza. Nikasema yule ni mtani wetu, yale ni maneno ya msibani. Kijana akanikatiza: "Bibi, kwani amelazimishwa? Si amesema kwa mdomo wake? Tumeona!" Wengine wakaitikia, "Tumeona!" Nikaeleza tena. Walikuwa wananisikiliza kwa heshima, lakini wananisikiliza kama mtu anavyomsikiliza bibi aliyechanganyikiwa. Walikuwa wameitazama mara ishirini, mara thelathini. Maneno yangu wameyasikia mara moja.

Nikaona kueleza hakusaidii. Nikafikiri, wacha wauone utani wenyewe, ukifanyika mbele yao. Hapo ndipo nilipokosea.

Nikausogelea mlango, nikapaza sauti: "Toka nje, mla watu we! Umemla mume wangu, sasa umejifungia unacheua?"

Ndani kimya.

"Toka! Au bado unatafuna?"

Kimya. Nyuma yangu nikasikia watu wanavuta pumzi. Halafu sauti: "Mmesikia? Mjane mwenyewe kasema!"

"Kasema mla watu!"

Jiwe likapita juu ya bega langu likapiga mlango. Bawaba ya juu ikang'oka na mbao ikalala upande, pakabaki nafasi ya mkono kuingia. Mercy alipiga yowe. Nikaona nilichofanya. Nilikuwa nimesema nusu ya utani, na nusu peke yake ni mashtaka. Mtani anatukana, mtani mwenzake anajibu, ndipo inakuwa mchezo. Mama Nkwabi alikuwa ndani, mzee wa watu amejificha nyuma ya magunia yake ya mpunga, anamsikia hata mimi namwita mla watu, na pengine ameamini kwamba hata mimi nimemgeuka.

Nikakaa chini, mgongo kwenye mlango ule uliolegea, ili anayetaka kuingia anipite mimi kwanza. Mercy akaja akakaa pembeni yangu bila kuambiwa. Wiliam naye akasogea, akasimama tu, mikono nyuma.

Nikaweka mdomo kwenye ule mwanya. "Mtani," nikasema polepole. "Ni mimi, Agatha. Sijakugeuka. Nijibu. Nakuomba unijibu kama unavyonijibu siku zote. Usiponijibu tumekwisha."

Nikasubiri. Kijana mwenye rungu akasema, "Bibi, toka hapo, tusije tukakuumiza." Alisema kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulioniogopesha zaidi.

Nikapaza sauti tena: "Mla watu we! Nirudishie mume wangu!"

Kutoka ndani, sauti ndogo, yenye kukwama, ikasema: "Nani anapiga kelele mlangoni kwangu? Si yule mwanamke ambaye wali wake juu unaungua na chini ni mbichi?"

Sikuwahi kusikia tusi tamu kama lile.

"Ndiyo mimi!" nikasema. "Na wali huo huo ulikula sahani tatu!"

"Nilikula kwa huruma! Mume wako sijamla mimi. Alikufa ili akapumzike na mapishi yako!"

Mama mmoja wa makamo nyuma ya umati alicheka. Alijaribu kujizuia, kicheko kikatoka hivyo hivyo kupitia puani. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama akamwambia kijana wa pembeni yake, "Huu utani, nyie. Hamjui utani nyie?"

"Wewe je?" nikaendelea. "Ng'ombe wenu wakikuona alfajiri wanarudi zizini wenyewe, wanadhani ni fisi!"

"Fisi anachagua! Angekuta wewe umelala njiani angekuruka!"

Sasa walicheka wengi. Mbao ikasukumwa, nikasogea, na Mama Nkwabi akatoka. Alikuwa mdogo kuliko kwenye simu. Khanga yake ilikuwa imelowa kwa hofu, nami nikaishika ncha nikaizungusha ili isionekane. Alisimama mbele ya watu waliokuja kumuua, akaanza kutembea kama Benedikto. Alivuta ule mguu wa kushoto, akakohoa kikohozi chake, akaniangalia juu mpaka chini alivyokuwa akiniangalia Benedikto nikichelewa kutoka kanisani. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka, sikuigiza. Nikaona mikono mingi imeshika simu, na ile iliyoshika simu ilikuwa imeacha kushika kitu kingine. Rungu moja lilikuwa limelazwa ardhini ili mwenyewe arekodi vizuri.

Lakini Deogratias hakucheka.

Alisubiri watu wapungue kelele. Halafu akasema, si kwa nguvu, "Mtoto wangu hakuwa mtani wa mtu."

Mama Nkwabi akaacha kuchechemea. Alikuwa amesema kweli. Utani wetu ulikuwa umeeleza kifo cha Benedikto, na mtu mzee akifa hakuna anayeuliza sana. Mtoto wa miaka miwili ni jambo jingine. Nikaona kijana anainama, anaokota rungu lake.

"Deo," nikasema, "baba yangu, pole."

Ndipo mwanamke akapita katikati ya watu. Alikuwa na mimba kubwa, kichwa kimenyolewa, anatembea ameshika kiuno. Akina mama walijaribu kumrudisha. "Laurence, rudi ukalale." Alikuwa mke wa Deogratias.

"Niacheni," akasema. Akasimama baina ya mumewe na Mama Nkwabi. "Mimi tangu Jumapili sijaongea, kwa sababu hamkuniuliza. Mmeiuliza simu."

"Mama Ladislas, nenda nyumbani," Deogratias akasema.

"Siendi. Ladislas alipoanza kukakamaa wewe ulikuwa shamba, mimi na tumbo hili siwezi kukimbia. Nani alikimbia? Niambieni kati yenu nani alikimbia." Akawageukia. Akamwonyesha Mama Nkwabi kwa mkono. "Huyu hapa. Alimfunga mgongoni akakimbia mpaka zahanati, na miguu hiyo. Nilipofika nilimkuta amekaa sakafuni amempakata, anampepea kwa ncha ya khanga. Alikaa na sisi mpaka mwisho. Yeye ndiye aliyemfumba macho mwanangu, mimi nilishindwa."

Deogratias alikuwa anatikisa kichwa, kama mtu anayesema usiendelee.

"Na mganga wa zahanati alisema malaria imepanda kichwani, mmechelewa siku tatu." Sauti yake ikashuka. "Siku tatu hizo tulikuwa na mtoto sisi, baba Ladislas. Sisi wawili. Si yeye."

Yule mwanaume aliinama pale pale uani kama aliyepigwa tumboni. Alikaa chini, akafunika kichwa kwa mikono. Mama Nkwabi ndiye aliyemsogelea kwanza. Hakusema kitu cha utani. Aliweka mkono juu ya kisogo chake, na aliuacha pale muda mrefu.

Watu walianza kuondoka bila kuagana. Simu zikarudi mifukoni. Yule kijana aliyeniambia nitoke nisije nikaumia alikuja, akaniinua kwa mikono miwili, akanikung'uta vumbi mgongoni. "Samahani bibi," akasema. Nikamwambia asante.

Polisi wawili walifika saa kumi. Wakaandika majina, wakamhoji Mercy. Mmoja alikaa na mjukuu wangu kwa utaratibu, akamwonyesha jinsi ya kuripoti ile klipu. Mercy alikuwa ameshamwandikia mwenye ule ukurasa, amemwomba aitoe, amemweleza kila kitu. Alijibiwa na vikatuni vitatu vya kucheka.

Maneno ya Laurence yalirekodiwa na simu zisizopungua ishirini, nilizihesabu. Jioni Mercy alitafuta, akaikuta moja tu imepandishwa. Walikuwa wameitazama watu mia mbili na kumi na wawili. Ile nyingine ilikuwa imefika laki sita.

"Twende kwangu Mamba," nikamwambia Mama Nkwabi. "Ukae mpaka itulie."

"Nikiondoka watasema nimekimbia," akasema. "Na itatulia lini, mtani? Wewe unajua?"

Sikujua. Basi nikabaki mimi. Nilimwambia Wiliam awaambie nyumbani kwamba mjane amehamishia msiba Kasansa, akasema atawaambia kwa maneno mazuri zaidi ya hayo. Tulisogeza magunia mawili ya mpunga tukaegemeza mlango. Mercy alikwenda mbele ya Mama Nkwabi akapiga magoti, akashindwa kuanza.

"Inuka," mzee akamwambia. "Kurekodiwa sikukataa. Niliona umeshika simu, nikakaza vituko ili nipendeze." Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha. "Ila mjukuu wangu, siku nyingine nikifanya vile, sitafanya kwa raha. Nitaangalia kwanza nani ameshika nini."

Hilo lilimliza Mercy kuliko kama angechapwa.

Asubuhi tulikuwa tunakoroga uji tuliposikia hatua uani. Mama Nkwabi aliacha mwiko ndani ya sufuria, akarudi nyuma mpaka ukutani. Nikachungulia kwenye ule mwanya. Alikuwa Deogratias, peke yake, amebeba nyundo, bawaba mpya na misumari kwenye mfuko wa nailoni. Hakubisha hodi. Alisema tu, kwa sauti ya kutuarifu, "Ni mimi. Nimekuja na nyundo ya mlango."

Tukaondoa magunia. Alifanya kazi kimya, uso ameugeuzia mbao. Mercy alimshikia mlango usianguke. Mama Nkwabi aliweka kikombe cha uji kwenye kizingiti, mbali kidogo na mkono wake, akarudi ndani. Deogratias alikichukua baadaye, akanywa akiwa amesimama, akakisuuza mwenyewe.

Alipomaliza aliujaribu mlango kwa nje, akausukuma kwa bega mara mbili, haukutikisika. Akasema, "Mama, funga kwa ndani tuone."

Mama Nkwabi alifunga. Sisi watatu tulibaki nje tunasikiliza. Tulisikia komeo likiingia. Likatolewa, likaingia tena, kwa nguvu zaidi. Halafu mara ya tatu.

Deogratias alisimama pale na nyundo yake, akimsubiri amalize.